Uhuru Uliorudishwa Nyuma: Kusini mwa Marekani, 1865 hadi 1901

Januari 12, 1865, saa mbili usiku, wachungaji 20 weusi waliingia katika nyumba aliyofikia Jenerali William T. Sherman mjini Savannah, jimbo la Georgia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimebakiza miezi mitatu. Pembeni ya jenerali alikuwepo Edwin Stanton, Waziri wa Vita, aliyesafiri kutoka Washington. Wachungaji walikuwa wamemteua msemaji mmoja, Garrison Frazier, mzee wa miaka 67 aliyejikomboa yeye na mkewe mwaka 1857 kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Akaulizwa: watu wenu watajitunza vipi wakishakuwa huru? Mzee hakuhitaji muda wa kufikiri. Wapewe ardhi, alijibu, wailime kwa nguvu zao mpaka waweze kuinunua iwe mali yao.

Siku nne baadaye Sherman alitoa Amri Namba 15. Ukanda wa pwani kutoka Charleston, South Carolina, hadi Mto St. Johns wa Florida, pamoja na visiwa vyake, ulitengwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kila familia isizidi ekari 40. Kufikia Juni watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa katika takriban ekari 400,000. Kabla mwaka haujaisha, rais mpya alikwishaamuru ardhi hiyo irudi kwa mabwana waliokuwa wameikimbia.

Kipindi kilichofuata vita, ambacho Wamarekani hukiita Ujenzi Mpya, kwa kawaida husimuliwa kuwa kilianguka mwaka 1877, pale wakubwa wa vyama viwili walipopatana na askari wakarudi kambini. Tarehe hiyo ni nyepesi kukariri, lakini inapotosha. Inatufanya tudhani jengo lilikuwa zima mpaka siku lilipobomolewa. Nionavyo mimi, lilianza kubomolewa likiwa bado msingi. Haki ziliondolewa kipande kwa kipande, kila kipande kwa sababu iliyosikika kuwa ya busara kwa wakati wake, na mara nyingi mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watu wa Kaskazini wasiokuwa na uadui wowote na mtu mweusi. Walikuwa wamechoka tu, au walikuwa na uchaguzi wa kushinda kwao.

Vita vyenyewe havihitaji maneno mengi hapa, ila chanzo chake lazima kitajwe, kwa kuwa hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4. Katika South Carolina na Mississippi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Pamba waliyoilima ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa ambazo Marekani iliuza nje. Nyingine ilifumwa Massachusetts, na jora zake zikapakiwa Salem hadi Unguja, zikawa ile merikani iliyobebwa na misafara kwenda Tabora na Ujiji. Mississippi ilipojitoa katika Muungano Januari 1861, tamko lake lilikiri bila kuficha kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana na utumwa. Mwezi Machi, Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, aliuambia umati wa Savannah kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe. Baada ya kushindwa, Stephens huyohuyo aliandika juzuu mbili nene kueleza kwamba vita vilihusu tafsiri ya katiba.

Kwa makadirio yaliyozoeleka walikufa askari 620,000. Hesabu mpya zinafika 700,000 na kupita. Watu weusi wapatao 180,000 walivaa sare za jeshi la Muungano, wengi wao wakiwa watumwa miaka miwili au mitatu kabla. Kwa hiyo tukisema uhuru ulitolewa na Lincoln, tunasema nusu ya habari. Walioutafuta kwa bunduki walitarajia kwamba serikali waliyoiokoa ingesimama nao.

Lincoln alipigwa risasi Aprili 14, 1865, siku tano baada ya Robert E. Lee kusalimu amri Appomattox. Andrew Johnson aliyemrithi alikuwa fundi cherehani wa Tennessee, mzaliwa wa familia maskini, mtu aliyewachukia wenye mashamba makubwa maisha yake yote. Wengi walidhani angewabana. Hawakujua kwamba kitu kimoja alikichukia zaidi ya matajiri wa Kusini, nacho ni usawa wa mtu mweusi. Mei 29 alitangaza msamaha kwa waasi, na msamaha huo ulirudisha mali yote isipokuwa watumwa. Matajiri wakubwa walitakiwa kumwomba yeye binafsi. Wakamwomba, naye akawasamehe kwa maelfu.

Oktoba 1865 kazi ya kupeleka habari hizo kisiwani Edisto, South Carolina, ilimwangukia Jenerali Oliver O. Howard, mkuu wa idara iliyoundwa kuwahudumia walioachiwa huru. Howard alikuwa mtu wa dini aliyepoteza mkono wa kulia vitani, na hakuipenda kazi aliyotumwa. Kanisa lilijaa. Alipoanza kueleza, watu walikataa kusikiliza. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa huzuni na kanisa zima likaupokea. Kisha wakateua kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, iandike barua kwa jenerali na nyingine kwa rais. Barua ile ni moja ya hati zilizo wazi kuliko zote za kipindi hicho. Unatutaka tuwasamehe wenye ardhi, walisema. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, na leo anataka niishi kwake kwa masharti yake, nitamsameheje? Walieleza pia kwamba asiye na ardhi atabaki chini ya mkono wa yule yule aliyemmiliki jana. Wabunge wa Washington walihitaji miaka mingi kufikia hitimisho hilo, na wengi hawakulifikia kamwe.

Mwezi uliofuata Mississippi ikatunga sheria zake kwa ajili ya watu weusi. Kila mmoja alitakiwa kuwa na ushahidi wa maandishi kila Januari kwamba ana kazi. Asiyekuwa nao alikamatwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa akakodishwa kwa mtu atakayemlipia. Msomaji ambaye babu yake alikamatwa kwa uzururaji Nairobi au Dar es Salaam zama za ukoloni hana haja ya kuelezwa sheria kama hiyo inafanyaje kazi. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa Desemba 1865, yaliacha mlango uleule wazi, kwani yaliruhusu kazi ya lazima ikiwa ni adhabu ya kosa. Majimbo ya Kusini yaliingia kwa mlango huo na wafungwa wao. Yaliwakodisha kwa kampuni za reli, migodi na mashamba, na Alabama haikuacha biashara hiyo mpaka 1928.

Sheria hizo, pamoja na mauaji ya Memphis na New Orleans ya 1866, ziliwakasirisha wapiga kura wa Kaskazini. Bunge likamnyang'anya Johnson usukani, likaiweka Kusini chini ya jeshi mwaka 1867 na kuagiza kila jimbo liandike katiba mpya kwa kura za weusi na weupe. Hapo ndipo ilipoanza ile miaka michache ambayo hata leo inashangaza ukiisoma. Zaidi ya watu weusi 1,500 walishika nafasi za umma, kuanzia mahakimu wa vijiji hadi maseneta. Hiram Revels aliingia Seneti kutoka Mississippi Februari 1870. Bunge la chini la South Carolina likawa na weusi wengi kuliko weupe, na jimbo hilo likaanzisha elimu ya umma ambayo hata watoto maskini wa kizungu hawakuwahi kuwa nayo. Robert Smalls, ambaye Mei 1862 akiwa mtumwa aliiba meli ya jeshi katika bandari ya Charleston na kuwapelekea adui wa mabwana wake akiwa na familia yake ndani, aliinunua nyumba ya bwana wake mjini Beaufort na baadaye akachaguliwa kwenda Bunge la Washington.

Rushwa ilikuwepo, na si haki kuificha. Hati za mikopo ya reli ziliwatajirisha wanasiasa wa vyama vyote na rangi zote, na gavana Franklin Moses wa South Carolina alikuwa mla rushwa wa wazi. Ila katika miaka hiyohiyo genge la William Tweed lilikuwa likiifilisi New York, na hakuna aliyependekeza kwamba kwa sababu hiyo watu wa New York wanyimwe kura.

Ubovu wa jengo ulikuwa kwingine. South Carolina peke yake iliunda tume ya kununua mashamba na kuwauzia wasio na ardhi kwa mkopo wa muda mrefu, na familia zipatazo 14,000 zilifaidika. Majimbo mengine hayakuthubutu. Huko Washington Thaddeus Stevens alitaka mashamba ya waasi wakubwa yataifishwe na kugawanywa. Wenzake wa chama chake mwenyewe wakashtuka. Mali ni mali, walisema, na leo tukigawa mashamba ya Georgia, kesho wafanyakazi wa viwanda vya Massachusetts watauliza maswali yao. Mpiga kura mweusi akabaki akilima shamba la mtu ambaye alipaswa kupiga kura dhidi yake.

Marekebisho ya 15 nayo yaliandikwa kwa mkono wa kubana. Yanasema tu kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Katika mjadala wa 1869 Seneta Henry Wilson alipendekeza maneno mapana zaidi, yaliyokataza pia kumnyima mtu kura kwa sababu ya elimu au mali. Yakashindwa, na walioyaangusha hawakuwa watu wa Kusini peke yao. Massachusetts na Connecticut zilikuwa na mtihani wa kusoma, Rhode Island ilidai mali kwa wageni, na California iliwaogopa Wachina. Kila upande ulilinda ubaguzi wake mdogo. Wanasheria wa Mississippi walikuja kuyapekua maneno hayo miaka 20 baadaye na kukuta karibu kila kitu walichohitaji kimeachwa nje.

Hata hivyo haya yote yangeweza kurekebishwa kama sheria ingekuwa na mlinzi. Kwa muda mfupi ilikuwa naye. Kundi la Ku Klux Klan, lililoanzishwa Pulaski, Tennessee, na maaskari wa zamani wa Kusini, lilipofanya mauaji kuwa jambo la kila wiki katika wilaya za juu za South Carolina, Rais Ulysses Grant alisimamisha haki ya kupinga kukamatwa katika wilaya tisa, Oktoba 1871. Mwanasheria Mkuu wake, Amos Akerman, mtu aliyekuwa afisa wa jeshi la Kusini mwenyewe, alisimamia mashtaka dhidi ya mamia. Klan ikavunjika. Uchaguzi wa 1872 ulikuwa mtulivu kuliko mwingine wowote Kusini kwa muda mrefu. Akerman hakuuona akiwa ofisini. Aliombwa kujiuzulu Desemba 1871. Wenye reli walikuwa wakilalamika juu ya maamuzi yake kuhusu ardhi ya serikali, na mawaziri wenzake walikuwa wamechoshwa na habari zake za Klan.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba desturi za Kusini zisingebadilishwa kwa nguvu za serikali wana kazi ya kueleza miezi hiyo. Nguvu zilitumika, zikafaulu, kisha zikaondolewa.

Halafu pesa. Septemba 18, 1873, benki ya Jay Cooke, iliyokuwa imeuza hati za mikopo ya vita kwa niaba ya Muungano, ilifilisika kwa kujitumbukiza katika reli. Nchi ikaingia katika mdororo wa miaka. Watu weusi walikuwa na benki yao ya akiba, iliyoidhinishwa na Bunge Machi 3, 1865, siku ileile ilipoundwa idara ya Howard. Vitabu vyake vya akiba vilibeba picha za wakubwa wa serikali, na mawakala wake waliwahakikishia watu kwamba fedha zao ziko salama kama za taifa. Haikuwa kweli, kwani serikali haikudhamini hata senti. Mwanzoni sheria iliiruhusu benki kununua hati za serikali tu. Mwaka 1870 sheria ikalegezwa, na kamati ya fedha, iliyoongozwa na Henry Cooke, ndugu yake Jay, ikaanza kukopesha marafiki zake. Machi 1874 wakurugenzi walimweka Frederick Douglass kuwa rais wa benki. Jina lake lilihitajika kutuliza watu. Aliweka humo dola 10,000 zake kabla hajaelewa kwamba amekabidhiwa maiti. Juni benki ikafungwa. Wenye akaunti wapatao 61,000 walikuwa na karibu dola milioni 3: akiba za wanajeshi, wafuaji, wapagazi, vyama vya mazishi. Wengine walilipwa sehemu baada ya miaka mingi, wengi hawakulipwa kabisa.

Nimeieleza benki hii kirefu kwa sababu mara nyingi hutajwa pembeni tu, kama bahati mbaya. Ilikuwa zaidi ya hapo. Kwa watu walionyimwa ardhi ya bure, akiba ndiyo ilikuwa njia iliyobaki ya kuinunua, na waliambiwa hivyo kila siku na walimu na wachungaji wa Kaskazini.

Pigo la sheria lilianzia Louisiana. Uchaguzi wa ugavana wa 1872 ulikuwa umeishia kwa magavana wawili kuapishwa, na katika wilaya ya Grant kila upande ukadai ofisi. Wanaume weusi, baadhi yao askari wa zamani, walilinda jengo la mahakama mjini Colfax kwa majuma matatu. Aprili 13, 1873, Jumapili ya Pasaka, kundi la weupe lenye mzinga likiongozwa na Christopher Columbus Nash lililishambulia na kulichoma moto. Wengi waliuawa wakitoka na kitambaa cheupe, na waliotekwa wakapigwa risasi usiku. Weupe watatu walikufa. Idadi ya weusi haijulikani kwa uhakika; makadirio ni kati ya 60 na 150.

Mwendesha mashtaka wa serikali kuu, James Beckwith, aliwafungulia mashtaka watu 97. Waliofikishwa kizimbani walikuwa tisa. Waliotiwa hatiani walikuwa watatu, tena kwa kula njama, si kwa kuua. Nao wakakata rufaa. Machi 1876 Mahakama ya Juu iliwaachia katika kesi iliyobeba jina la mmoja wao, William Cruikshank. Jaji Mkuu Morrison Waite alieleza kwamba Marekebisho ya 14 yanaizuia serikali ya jimbo kumnyima raia haki, hayamzuii mtu binafsi. Anayeuawa na jirani yake akashtaki katika mahakama ya jimbo. Yaani aende kwa sherifu, na huyo Nash aliyeongoza shambulio la Colfax ndiye aliyekuwa akidai usherifu wa wilaya ile.

Majaji hao walikuwa wameteuliwa na marais wa Republican, chama cha Lincoln, isipokuwa mmoja. Hawakuwa wapenzi wa Shirikisho la Kusini. Waliogopa serikali kuu yenye nguvu kupita kiasi, wakataka mipaka ya zamani kati ya Washington na majimbo irudi, na wakaandika hukumu zilizopangika vizuri. Mwaka 1883 Mahakama hiyo ilifuta sheria ya haki za kiraia ya 1875. Aliyepinga hukumu hiyo alikuwa mmoja tu, John Marshall Harlan wa Kentucky, ambaye ujanani alimiliki watumwa.

Watu wenye silaha hawakusubiri hukumu ya 1876. Kesi ya Colfax ilipotetereka katika ngazi ya chini mwaka 1874, jeshi binafsi lililojiita White League likazuka Louisiana, bila kofia wala majoho ya Klan. Mwaka uliofuata Mississippi ikaonyesha namna ya kuchukua jimbo zima. Mikutano ya Warepublican ilivunjwa kwa risasi, viongozi weusi wakauawa au kufukuzwa, wafanyakazi wakaambiwa kwamba atakayepiga kura vibaya asitegemee shamba mwakani. Gavana Adelbert Ames aliomba askari. Jibu la Mwanasheria Mkuu Edwards Pierrepont lilikuwa kwamba umma umechoshwa na vurugu hizi za kila msimu wa vuli, na kwamba gavana ajaribu kwanza nguvu zake mwenyewe. Katika wilaya ya Yazoo, yenye weusi wengi, chama cha Republican kilipata kura 7.

John R. Lynch, mbunge mweusi wa Mississippi, aliandika baadaye kwamba alimuuliza Grant sababu. Rais alimwambia kwamba wajumbe wa Ohio walimfuata wakasema, ukituma askari Mississippi tunapoteza Ohio. Ohio ilikuwa na uchaguzi wa ugavana mwaka huo. Mgombea wa Republican aliyenusurika kwa wingi mdogo wa kura alikuwa Rutherford B. Hayes.

Ndiye huyo aliyekuwa rais 1877. Samuel Tilden wa Democratic alikuwa na kura 184 za wajumbe na alihitaji moja tu. Kura 20 zilikuwa na ubishi. Tume ya watu 15 ikampa Hayes zote, kila mara kwa 8 dhidi ya 7. Mwezi Aprili askari waliolinda majengo ya serikali Columbia na New Orleans waliamriwa kurudi kambini, na serikali mbili za mwisho za Republican Kusini zikaanguka siku hiyohiyo waliyoondoka. Lakini askari wenyewe walikuwa wamebaki wachache sana, na majimbo manane kati ya 11 yalikuwa yamekwishachukuliwa. Lililotokea 1877 lilikuwa kutia sahihi. Julai ya mwaka huo wafanyakazi wa reli waligoma, na Hayes akatuma jeshi la serikali kuu kuwatawanya. Hoja kwamba si kazi ya Washington kuingilia mambo ya majimbo haikusikika.

Yaliyofuata yalienda polepole kuliko wengi wanavyofikiri. Watu weusi waliendelea kupiga kura katika sehemu nyingi za Kusini kwa miaka kumi na zaidi, na wengine walichaguliwa. Kilichowabana kila siku kilikuwa deni. Mkulima asiye na shamba aligawana mavuno na mwenye ardhi, na kabla ya mavuno alikula kwa mkopo wa dukani, dhamana ikiwa pamba ambayo bado haijaota. Bei ya mkopo ilikuwa juu ya bei ya taslimu kiasi kwamba riba yake kwa mwaka mara nyingi ilizidi asilimia 40. Mwenye duka alitaka pamba, si mahindi, kwa hiyo mkulima alinunua hata unga. Bei ya pamba nayo ikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka katikati ya miaka ya 1890 ratili moja ikauzwa chini ya senti 8, kisha chini ya 6. Wakulima wengi wa kizungu walinaswa katika wavu huohuo, na pale walipojaribu kushirikiana na weusi katika vyama vya wakulima, wenye mamlaka waliona hatari kubwa kuliko zote.

Hapo ndipo kura ilipomalizwa kwa maandishi. Katiba mpya ya Mississippi ya 1890 iliweka kodi ya kichwa ya dola 2 na sharti la kusoma kifungu chochote cha katiba au kukieleza kwa kumridhisha msajili. Rangi haikutajwa. South Carolina ikafuata 1895. Smalls alikuwa miongoni mwa wajumbe weusi sita katika mkutano huo, akapinga mbele ya watu waliokwishaamua. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki kama 1,300. Mahakama ya Juu ilizipitisha katiba hizo kwa kuwa hazitaji rangi. Wilmington, North Carolina, ambako weusi na weupe walikuwa bado wakitawala pamoja, wenye bunduki waliiondoa serikali ya mji kwa nguvu Novemba 10, 1898, na rais hakutuma mtu. Machi 1901 George H. White, mbunge wa mwisho mweusi kutoka Kusini, aliondoka Washington. Kusini haikupeleka mwingine hadi 1973.

Kizazi kilichofuata kikafundishwa kwamba haya yalikuwa marekebisho ya kosa. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Columbia waliandika historia ya Ujenzi Mpya kama utawala wa wajinga na wezi, na mwaka 1915 sinema iliyowatukuza Klan ilionyeshwa Ikulu ya Washington. W. E. B. Du Bois alipoijibu historia hiyo kwa kitabu kikubwa mwaka 1935, wasomi wenzake wengi walikipuuza.

Fikra hizo zilivuka hata bahari. Elimu ambayo Kusini ya weupe ilikubali kumvumilia mtu mweusi nayo, ya ufundi na utii, isiyogusa siasa, ilisifiwa na tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Kabete, Kenya, shule ya Jeanes, yenye jina na mfumo uliotoka moja kwa moja Kusini mwa Marekani. Maafisa wa kikoloni waliona kielelezo kinachofaa.

Si kila kitu kilipotea, na mchambuzi anayesema hivyo anawadharau waliookoa kilichookolewa. Mwaka 1870 watu weusi wanane kati ya kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1900 walikuwa chini ya nusu. Vyuo vya Fisk, Howard na Hampton vilibaki. Makanisa yalibaki. Kwa senti zilizookotwa mwaka baada ya mwaka, ardhi iliyomilikiwa na wakulima weusi Kusini ilifika takriban ekari milioni 15 mwanzoni mwa karne ya 20, bila amri ya jenerali yeyote. Na Marekebisho ya 14 na 15 hayakufutwa. Yalikaa katika Katiba bila kutumika mpaka wajukuu wa watu wale walipoilazimisha serikali kuyatumia.

Sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ilijifunza jambo moja kutoka Mississippi ya 1875: haikungoja haki ivunjwe ndipo mahakama iende kuuliza. Majimbo yenye historia ya hila yalitakiwa kuomba idhini ya Washington kabla ya kubadili kanuni zozote za uchaguzi. Juni 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliua utaratibu huo katika kesi ya wilaya ya Shelby, Alabama, kwa hoja kwamba hali imebadilika na majimbo yanastahili heshima sawa. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kutumia sheria ya vitambulisho vya kura iliyokuwa imezuiwa. Miaka zaidi ya kumi imepita, na Bunge la Marekani halijapitisha sheria ya kuziba pengo hilo.